Simu Tatu Kwenye Kona Hamsini na Saba: Iringa hadi Mbeya kwa Njia ya Kitulo

Safari hii ilifanyika mwanzoni mwa Julai, wakati Nyanda za Juu Kusini ni kavu na baridi yake inauma. Imeandikwa baada ya kurudi nyumbani, kwa kufuata daftari, picha za kioo cha simu na njia zilizorekodiwa. Simu zilikuwa tatu. Ya kwanza ni Android ndogo yenye RAM ya GB 2, ya aina ambayo watu wengi wanatembea nayo. Ya pili ni Android ya bei ya kati. Ya tatu ni iPhone 14 Pro. Zote zilibebwa kwenye begi moja, zikapita njia moja, zikawekewa ramani zilezile. Lililotafutwa ni tofauti ipi inamgusa msafiri barabarani, na ipi inaishia kwenye karatasi ya dukani.

Siku ya maandalizi: Iringa mjini

Siku nzima ilitumika Iringa, na hakuna saa iliyopotea. Ramani hupakuliwa mjini, penye Wi-Fi au bando la kutosha, si Matamba huko milimani.

Google Maps kwanza. Bonyeza picha ya wasifu kona ya juu kulia, ingia kwenye ramani za nje ya mtandao, gusa sehemu ya kuchagua ramani, vuta fremu ifunike Iringa hadi Kyela, kisha pakua. Ukubwa wa faili huonekana kabla ya kukubali, na huongezeka kadiri fremu inavyopanuka. Simu ndogo ilikataa kwa kukosa nafasi, kwa sababu hifadhi yake ilijaa video za WhatsApp. Baada ya kufuta, mipangilio ya ramani hizo ilibadilishwa ili zihifadhiwe kwenye memori kadi, na upakuaji ukamalizika.

Wengi hawajui kwamba ramani ya Google iliyopakuliwa hukupa njia ya gari peke yake. Bila data hakuna njia ya mguu, hakuna baiskeli, hakuna habari ya foleni. Anayekwenda kupanda mlima na Google pekee ataona nukta ya buluu katikati ya kijani kitupu. Ndiyo maana simu zote tatu ziliwekewa pia Organic Maps, programu ya bure inayotumia data ya OpenStreetMap. Hii hupanga njia ya mguu bila mtandao, na huonyesha mistari ya mwinuko, jambo lenye uzito mkubwa kwa mtu wa milimani.

Baada ya kupakua, jaribu. Weka simu kwenye hali ya ndege, tafuta "Matamba", omba njia. GPS haihitaji laini wala bando. Simu inasikiliza setilaiti tu, haitumi chochote huko, na kwenye simu za sasa hali ya ndege haiizimi. Jaribio hili lilifichua tatizo la majina. Ukiandika "Igoma" ukiwa na data, unaweza kuletewa Igoma ya Mwanza, ilhali unayoitaka ni ya Mbeya Vijijini. Kwa hiyo kila kituo cha safari kiliandikwa daftarini kwa nambari zake za latitudo na longitudo.

Nambari hizo nazo zina mtego wake. Sisi tuko kusini mwa ikweta, hivyo latitudo yetu huanza na alama ya kutoa. Mbeya ni takriban -8.9, 33.45. Ukiisahau hiyo alama, ramani inakupeleka Sudan Kusini. Ukigeuza mpangilio, ukaanza na 33.45 ndipo -8.9, unaangukia baharini upande wa Casablanca.

Jioni ilikuwa zamu ya kupima vihisi. Kwenye Android kuna programu ya bure inayoitwa GPSTest, nayo huorodhesha setilaiti zinazosikika: GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Simu ndogo ilionyesha L1 tu, yaani masafa ya kawaida ya GPS. Ile ya kati ilionyesha L1 na masafa ya pili, L5, pamoja na E1 na E5a, masafa mawili kama hayo ya Galileo. iPhone haina ukurasa kama huo kwa sababu mfumo wake hauziachii programu data ghafi ya setilaiti, ila inajulikana kuwa 14 Pro ya mwaka 2022 ndiyo iliyoanza kwa upande wa Apple kupokea masafa mawili. Simu ndogo ilikosa kitu kingine pia: dira. Ukisimama, mshale wake haujui unatazama wapi. Unajua baada ya kupiga hatua kadhaa. Kabla ya kununua simu, tafuta neno "dira" au kihisi cha sumaku kwenye orodha ya vihisi vyake. Kwa mtembea kwa miguu, hicho kina faida kuliko kamera ya nne.

Siku ya 1: Iringa hadi Chimala

Mabasi makubwa yanaondokea Igumbilo, si stendi ya zamani ya mjini. Mgeni anayefuata ramani isiyosasishwa anaweza kupanda mlima bure, maana mji uko juu na barabara kuu inapita chini, Ipogolo. Nauli hadi Chimala ilikuwa shilingi 14,000. Basi lilipangwa saa 2 asubuhi, likaondoka saa 3 na dakika 20.

Simu zilipowashwa asubuhi bila data, zilichukua muda kujitambua zilipo. Si ubovu. Kila setilaiti ya GPS hutangaza taarifa za mahali ilipo kwa mwendo wa biti 50 tu kwa sekunde, na kifurushi hicho hujirudia kila sekunde 30. Simu ikikatizwa katikati inasubiri mzunguko mwingine. Orodha nzima ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Ukiwa na data, simu huvuta taarifa hizo mtandaoni kwa sekunde chache. Bila data, washa ramani ukiwa nje, anga wazi, simama dakika mbili, ndipo uingie garini. Anayeiwasha ndani ya basi linalokimbia hukaa muda mrefu akidhani simu imekufa.

Kiti cha dirishani ni lazima, kwa sababu bati la juu huzuia mawimbi. Konda alipoona simu tatu zimefungwa kwa raba kwenye kipande cha boksi aliuliza kulikoni. Alipoelezwa, akasema, "Kaka, hamia hapa mbele, kioo kikubwa." Kiti kile kilibaki chetu hadi mwisho bila kuongeza hata mia.

Mafinga, kwenye misonobari ya Sao Hill, kuna la kuangalia kwenye ramani. Njia za magari ya magogo zimechorwa kwa wingi, na zingine hufungwa uvunaji ukihamia kwingine. Programu isiyojua hilo inaweza kumshauri mwenye gari dogo akatishe msituni. Ukiona ushauri wa kuacha lami kwa kuokoa dakika tano, kataa.

Makambako ilikuwa chai na chapati mbili kwa shilingi 2,000. Igawa ilipita kimya. Makadirio ya muda ya simu zote yalikosea kwa zaidi ya saa moja na nusu, kwa sababu hayahesabu vituo vya kushusha abiria, mizani, wala malori yanayopanda kwa gia ya kwanza. Kwa barabara hii, chukua muda wa simu uongeze robo tatu yake ukiwa kwenye basi.

Chimala tulifika saa 10 jioni. Mama lishe aliyetupa wali maharage kwa 2,500 alituchajia betri za akiba mbili usiku kucha, na asubuhi akakataa malipo. "Wanangu, umeme wenyewe unakaa tu," alisema.

Siku ya 2: Chimala hadi Matamba, Hamsini na Saba

Barabara ya kupanda Matamba inaitwa Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Hapa ndipo simu zinapotengana.

Gari lilikuwa Land Cruiser la abiria na magunia, shilingi 6,000 kwa mtu. Liliondoka lilipojaa, yaani saa 5. Simu zote zilikuwa na anga sawa na ramani moja. Hadi kona ya kumi hivi, zote zilikubaliana. Baadaye simu ndogo ilianza kuruka. Nukta yake ilikuwa inapanda mkono wa chini wa kona, ghafla ikahamia mkono wa juu, ikarudi chini. Sauti ikatangaza njia mpya, ikaagiza kugeuza gari, ikanyamaza, ikaagiza tena.

Sababu zake ni mbili, na zinafanya kazi pamoja. Ya kwanza ni mwangwi. Ukuta wa mlima huakisi mawimbi ya setilaiti, na simu hupokea ya moja kwa moja pamoja na yaliyogonga mwamba. Alama za masafa ya L1 zina urefu wa karibu mita 300 kila moja, hivyo mwangwi uliochelewa kidogo hujichanganya na mawimbi halisi. Alama za L5 ni fupi mara kumi, takriban mita 30, na simu yenye L5 huweza kuutenga mwangwi mwingi. Ya pili ni tabia ya programu zenyewe. Ukiwa kwenye uongozaji wa njia, programu hailiachii gari likae pembeni ya barabara, hulivuta hadi mstari ulio karibu. Kwenye tambarare hilo ni jema. Kwenye kona za mlima, mistari miwili ikiwa imekaribiana, kosa la mita 20 linatosha kukuhamishia barabara ya juu, na programu inaamini umeruka.

Simu ya kati na iPhone hazikuhama mkono hata mara moja. Zote mbili zilikosea pembeni, lakini kwa mita chache.

Suluhisho la simu ndogo halikuhitaji pesa. Uongozaji ulizimwa, ikabaki nukta peke yake juu ya ramani, na kurekodi njia kukawashwa. Nukta iliendelea kutikisika, ila haikutangaza upuuzi, na mtu mwenye macho anaona yuko kona gani. Kwenye barabara isiyo na njia panda, uongozaji wa sauti hauna kazi.

Jambo la kurekodi nalo lina somo. Simu ndogo iliwekwa kuandika nukta kila baada ya sekunde 15 ili kutunza betri. Kwenye kona kali gari linamaliza pembe nzima kati ya nukta mbili, hivyo mstari unakata kona na umbali unapungua. Kinyume chake, gari lilipokaa dakika 40 kubadilisha gurudumu, nukta ilizungukazunguka palepale na kuongeza mita mia kadhaa ambazo hakuna aliyezitembea. Sekunde 3 hadi 5 zinafaa milimani. Na mkisimama, simamisha kurekodi.

Lile gurudumu ndilo lililotuchelewesha. Dereva wa lori la viazi lililokuwa linateremka alisimama bila kuitwa, akatoa jeki yake kwa kuwa ya gari letu ilikuwa fupi, akasubiri hadi nati ya mwisho ikazwe. Matamba tulifika saa 8 mchana, koti mbili mwilini. Chumba kilikuwa shilingi 15,000, maji ya moto kwenye ndoo.

Ukikusudia kuingia Hifadhi ya Kitulo, shughulikia malipo ukiwa Matamba. Hulipi fedha mkononi. Unapewa namba ya malipo na kulipia kwa simu au kadi, na hilo linahitaji mtandao na salio.

Siku ya 3: Matamba, Kitulo, Isyonje

Saa 12 asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. iPhone iliyolala dirishani ilionyesha asilimia 82. Dakika kumi baada ya kuwashwa ramani ikaonyesha 71, kisha ikakaa hapo muda mrefu. Betri ya lithiamu ikipoa, kemia yake hupungua kasi na haiwezi kutoa umeme kama kawaida. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo hurudi ikipata joto. Lala na simu ndani ya blanketi, na njiani iweke mfuko wa ndani wa koti, si wa nje.

Bodaboda mbili hadi Isyonje zilikuwa 45,000 kila moja, bei iliyoanzia 60,000. Kitulo imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Maua hujaa wakati wa mvua. Julai ni nyasi za dhahabu na upepo. Uwanda wake uko juu ya mita 2,600, na mahali pa wazi namna hii hata simu ndogo ilipata setilaiti zaidi ya ishirini. Kwa eneo, simu zote zilikuwa sawa, tofauti haikuzidi mita tano.

Tofauti iliyobaki ilikuwa ya mwinuko. GPS hupima kimo kwa udhaifu kuliko inavyopima eneo, kwa sababu setilaiti zote ziko juu yako na hakuna hata moja chini. iPhone nyingi zina kipima shinikizo la hewa, ambalo hupungua kadiri unavyopanda, tangu iPhone 6 ya 2014, na namba zake zilipanda na kushuka taratibu kufuata barabara. Simu ndogo, isiyo na kihisi hicho, ilibadilisha kimo kwa mita 40 tukiwa tumesimama tunakula viazi vya kuchemsha.

Karibu na Kikondo ramani zote mbili zilionyesha njia panda na kushauri kushoto. Mzee aliyekuwa anachunga ng'ombe alisalimiwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, wanangu. Mnaelekea Isyonje? Hiyo ya kushoto msiiendee. Daraja la miti lilichukuliwa na maji ya masika. Fuateni nguzo za umeme, hazitawaacha."

Tulifuata nguzo. Baada ya kilomita mbili hivi, barabara ya nguzo ilikuwa imepanuliwa na kunyooshwa, wakati simu zilituonyesha tunakata shamba la pareto kwa sababu mchoro ulikuwa wa barabara ya zamani. Nukta ilikuwa sahihi. Mstari ndio uliochakaa. Simu ya laki moja na nusu na ya mamilioni zilikosea kwa usawa kabisa, maana zilisoma ramani moja. Setilaiti hukwambia ulipo, haikwambii kama daraja lipo.

Kwenye Android ya kati kulitokea tatizo lake. Kurekodi kulikatika kilomita 18 bila taarifa. Mfumo wa kuokoa betri uliizima programu mara kioo kilipozimwa. Tiba yake: Mipangilio, Programu, chagua programu ya ramani, Betri, kisha ruhusu bila vizuizi. Simu nyingi za Android huwa na sehemu ya pili ya kuokoa nguvu iliyowekwa na mtengenezaji. Izime huko pia, au funga programu kwa alama ya kufuli kwenye orodha ya zilizofunguliwa.

Isyonje hadi Tukuyu kwa kosta ni lami na usingizi. Ndizi nyama, 3,500.

Siku ya 4: Ngozi, kisha Mbeya

Ziwa Ngozi liko ndani ya kreta kwenye milima ya Uporoto. Unashukia Isongole, barabara ya Uyole na Tukuyu, unapanda bodaboda hadi mguuni, halafu unatembea kwenye msitu na mianzi hadi ukingoni. Kijana mwenyeji wa kutuongoza tulikubaliana 20,000. Usimwache kwa sababu una simu. Vijia vya wakata mianzi ni vingi na ramani haivijui.

Chini ya miti mirefu yenye majani mabichi, mawimbi hudhoofika. Namba za nguvu ya mawimbi kwenye GPSTest zilizokuwa 38 hadi 42 barabarani zilishuka hadi kati ya 18 na 25. Chini ya 20 simu inabahatisha. Simu ndogo ilipotea pembeni hadi mita 60, na bila dira ikawa haiwezi kusema kijia kipi ni cha kushoto hadi mtu apige hatua kumi. Ya kati ilibaki ndani ya mita 15. iPhone pia, isipokuwa mshale wake ulielekea kinyume kwa muda. Chanzo kilikuwa kava lenye sumaku. Kava lilipovuliwa na simu kuzungushwa hewani kwa umbo la nane mara kadhaa, mshale ulirudi kaskazini.

Cha kufanya msituni: kila ukifika uwazi, simama nusu dakika, weka alama ya mahali, ndipo uendelee. Wakati wa kurudi, alama hizo zinaaminika kuliko mstari uliorekodiwa chini ya miti. Ukingoni, maji yako mbali chini, kijani kama chupa. Kijana alikaa kimya akatuacha tutazame.

Mbeya tuliingia saa 11 jioni, na kwa mara ya kwanza tangu Iringa data iliwashwa kwa ajili ya ramani. Kuanzia Uyole hadi Mwanjelwa barabara ilikuwa nyekundu kwenye Google, na ilikuwa hivyo kweli. Rangi hizo hutokana na mwendo wa simu za watu walioko barabarani, kwa hiyo mjini zinaaminika na Kikondo hazipo kabisa. Dereva wa bajaji aliangalia kioo, akapitia vichochoro vya nyuma na kutufikisha kwa 3,000. Vibao vya majina ya mitaa vilivyowekwa na operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022 vilisaidia pale ambapo ramani ilionyesha mstari usio na jina.

Usiku huo, kwenye Wi-Fi ya nyumba ya wageni, akaunti ya OpenStreetMap ilifunguliwa kwa barua pepe. Alama mbili ziliachwa: moja pale daraja lilipoondoka, yenye maelezo kwamba gari halipiti, na nyingine kwenye barabara iliyonyooshwa, pamoja na njia iliyorekodiwa na iPhone kama ushahidi. Njia ya simu ndogo haikupakiwa. Wachoraji wakishafanyia kazi alama hizo, marekebisho yataonekana kwenye Organic Maps ramani ikisasishwa, hivyo atakayepita Kikondo masika ijayo apakue upya kabla ya kuondoka Chimala.